Si Barasa Aliyeangusha Mashine

Mashimoni, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Nafula,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na kile kikohozi cha Simiyu mdogo kiwe kimeisha kabla mvua hazijaanza. Mimi ni mzima. Mguu ulioteguka kwenye matope hapa nje ya mlango umepona, na sasa natembea kwenda kazini kama kawaida. Wewe je, unakula? Unalala? Mama aliniandikia kwamba umekonda, na kwamba umerudi kwetu na watoto wote wawili, na nguo zenu ziko kwenye kile chumba tulichokuwa tukilala tukiwa wasichana.

Aliniandikia pia sababu. Wanyonyi, binamu yetu, alipokuja kwenye matanga ya mjomba alisimama katikati ya watu akasema mume wako Barasa amefutwa kazi Nairobi kwa sababu ya wizi, na sasa anabeba mawe kwenye mjengo. Mama anasema ulinyamaza mpaka wageni wakaondoka, na asubuhi ukafunga mizigo, kwa sababu hukuweza tena kutazamana na mama mkwe wako wala wanawake wa kisimani.

Nafula, sitakuficha kitu. Ni kweli Barasa alifutwa, na ni kweli aliitwa mwizi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Lakini hakuiba. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikutaka kukutumia maneno ya "mimi naamini." Mimi ni shemeji yake, na neno langu peke yake lisingemsaidia mtu. Nilitaka kuandika nikiwa najua. Sasa najua, na nitakueleza tangu mwanzo. Ni habari ya kompyuta, lakini nitaieleza polepole ili hata kukhu, bibi yetu, aielewe ukimsomea.

Unajua kazi yetu ya Kawangware ilivyo. Kompyuta kuukuu zinaletwa kutoka ng'ambo ndani ya makontena, sisi tunazifufua, kisha zinapelekwa kwenye shule na zahanati. Barasa anafungua mashine, anabadilisha vipuri, anachomelea waya. Mimi kazi yangu ni programu, yaani yale maagizo yanayoifanya mashine ijue la kufanya. Ndiyo niliyosomea. Mwenye karakana ni Bwana Njoroge, na sitamsema vibaya, kwa maana ndiye aliyetuajiri sote wawili wakati hakuna aliyetutaka.

Mwaka jana tuliweka mashine katika zahanati moja huko huko Kawangware. Mashine yenyewe kubwa iko kwenye ofisi ya mapokezi, na kila chumba cha muuguzi kina skrini na kibodi vilivyounganishwa nayo kwa waya. Muuguzi akiandika jina la mgonjwa chumba kimoja, linaonekana papo hapo chumba cha dawa. Msimamizi wa zahanati anaitwa Sista Agnes, mama wa makamo, mpole lakini ukimharibia kazi utamjua. Alituamini. Kadi za zamani za wagonjwa alizifungia kabatini.

Sasa, wiki moja, mambo mawili yalitokea pamoja, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza. Sista Agnes alikuwa analalamika mashine ni nzito, mtu anaandika jina halafu anangoja. Njoroge akamwambia Barasa aiongezee memori. Hizo ni vipande vidogo ambamo mashine inashikilia mambo inayoyafanya kwa wakati huo. Barasa akazinunua mjini, akaziweka. Wiki hiyo hiyo, Njoroge mwenyewe akapata kwa rafiki yake toleo jipya la kompaila, akajenga upya kiini cha mfumo wetu ili kiende mbio zaidi.

Hapo nikueleze. Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja kubwa inayozisimamia zote nyingine. Wenyewe wanaiita kernel, mimi nitaiita kiini. Programu ndogo ikianguka, unaifungua tena na maisha yanaendelea. Kiini kikianguka, kila kitu kinaenda nacho, na skrini zinabaki na namba tupu ambazo hakuna anayezielewa. Kiini kinaandikwa na watu, kwa maneno ambayo mtu wa kazi hii anayasoma. Mashine yenyewe haiyajui maneno hayo. Kompaila ndiyo inayoyachukua na kuyageuza yawe amri za mashine. Na kompaila nzuri haigeuzi neno kwa neno. Inatafuta njia za mkato. Ikiona umetumwa ghalani mara tatu kuleta kitu kile kile, itakileta mara moja na kukiweka karibu. Ile kompaila mpya ilikuwa hodari zaidi kwa njia za mkato kuliko ile ya zamani.

Basi mashine ikaanza kuanguka. Inafanya kazi vizuri siku kadhaa, halafu asubuhi moja, akina mama wamejaa kwenye mabenchi, inakufa. Unaizima, unaiwasha, inarudi, na majina yaliyoandikwa asubuhi hiyo yamepotea. Mzee mmoja anayetumia dawa za kifua alipangwa foleni upya kama mgeni, naye alikuwa amefika alfajiri. Alikaa chini sakafuni akashindwa hata kugomba.

Njoroge akaleta mtaalamu kutoka mjini. Kijana mwenye adabu, alijua kazi. Aliangalia, akauliza ni nini kilichobadilishwa, akaambiwa memori; ile kompaila hakuna aliyeikumbuka. Akafungua mashine, akasema, "Kuanguka ovyo namna hii mara nyingi ni memori mbovu." Na mara nyingi ni kweli, Nafula, hata mimi ningesema hivyo. Halafu akazigeuza zile memori mkononi akasoma maandishi yake. Hazikuwa za kampuni ambayo Njoroge alikuwa ameagiza.

Barasa alieleza. Zile za kwanza hazikuingia kwenye nafasi zake, akarudi dukani akabadilishiwa. Njoroge akasema twende kwa huyo mwenye duka. Wakaenda. Duka limefungwa, mwenyewe amehama na hakuna anayejua alikohamia. Walirudi, na mbele yetu sote, na mbele ya Sista Agnes aliyekuwa amekuja kutuuliza tumefikia wapi, Njoroge akasema, "Barasa, uliuza zile mpya ukanunua hizi za kuokota. Mimi sitakupeleka polisi, lakini usikanyage hapa tena. Wewe ni mwizi."

Barasa aliweka bisibisi mezani, akachukua koti lake, akaondoka. Unamjua. Akiwa na haki ndiyo ananyamaza zaidi.

Jioni yake nilimfuata chumbani kwake, huku kwetu Mashimoni. Alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni.

"Mbona hukujitetea?" nikamwuliza.

"Niliwaambia ukweli mara moja. Nikirudia mara ya pili ndiyo utakuwa ukweli zaidi?"

"Na Nafula utamwambia nini?"

"Nitamwambia nikiwa na la kumwambia."

Nikakasirika, nikamwambia maneno mengine ambayo sitaandika hapa. Lakini kabla sijatoka alisema kitu kimoja. "Nekesa, memori ikiwa mbovu, mashine inaanguka mahali popote. Leo inakufa ikiandika, kesho ikisoma, keshokutwa imekaa tu. Wewe umeangalia inaangukia wapi?"

Sikuwa nimeangalia. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Kesho yake Barasa alienda kusimama na vijana wa mjengo karibu na Nyayo Highrise, na tangu siku hiyo amekuwa akibeba mawe na kuchanganya saruji. Wanyonyi alimwona pale akipita. Hakusimama kumwuliza ilikuwaje. Alichukua alichokiona na alichosikia mitaani akaja nacho huko.

Mimi nilienda kwa Njoroge. Nilimkuta akijaza chai kwenye kikombe, macho mekundu.

"Bwana Njoroge, niruhusu nitafute mimi."

"Utafute nini? Si tumeshapata?"

"Memori tumeshaibadilisha, na mashine ilianguka tena jana."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaalamu aliweka memori nyingine nzuri, na bado ikaanguka. Njoroge alisema labda zile mbovu ziliharibu ubao wa ndani. Nikamwambia basi nipe zile za Barasa niziweke kwenye mashine nyingine hapa karakana, tuone kama itaanguka. Akaweka kikombe chini.

"Wee Nekesa, najua ni bwana ya dada yako. Sikukatazi. Lakini Sista ameniambia mwezi huu ukiisha kama hiyo kitu bado inakufa, anarudi kwa kadi na sisi tunabeba mashine zetu. Zahanati zingine zikisikia, hapa tutafunga. Wewe, mimi, wote. Kwa hivyo tafuta, lakini usitafute ya kumwokoa Barasa. Tafuta ya kweli."

Nilimwambia sawa. Na nilikubaliana naye moyoni, ingawa niliogopa. Nilijiuliza, je, nikitafuta na kukuta kweli ni memori? Ningekuandikia nini wewe?

Niliziweka memori za Barasa kwenye mashine ya karakana, nikaiachia kazi nzito kutwa nzima. Haikuanguka. Siku iliyofuata pia haikuanguka. Nikafurahi, lakini Njoroge akasema hilo halionyeshi kitu, kwa sababu hata ile ya zahanati inakaa siku kadhaa. Alikuwa na haki. Nikachukua kile kiini kipya cha zahanati nikakiweka hapo hapo pamoja na memori za Barasa. Napo haikuanguka. Hapo nilichanganyikiwa. Kama memori ni nzuri na kiini ni kizuri, inakufa kwa nini kule?

Nikaenda zahanati nikamwomba Sista Agnes niketi mapokezi.

"Keti," akasema. "Mimi sijui hayo mambo yenu. Najua tu ikikufa, mimi ndiye naangaliwa na wamama wote hawa."

"Sista, inakufa saa ngapi? Siku gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Siku ya kliniki ya watoto. Na siku ya dawa za kifua. Siku zile ziko na watu kidogo haisumbui."

Nafula, niliposikia hivyo nilihisi kama mtu amenishika bega. Karakana mimi nilikuwa na skrini moja tu. Zahanati, siku ya kliniki ya watoto, vyumba vyote vinaandika kwa pamoja. Kwa nini memori mbovu ichague siku ya watoto wengi?

Nikangoja siku hiyo. Niliketi na karatasi na kalamu pembeni ya skrini ya mapokezi. Watoto wanalia, akina mama wanaitana, mizani inagonga. Ilipoanguka, muuguzi wa chumba cha ndani alipiga kelele, "Imeenda tena," na Sista Agnes akafunga macho. Mimi nilinakili zile namba zote zilizobaki kwenye skrini kabla mtu hajaizima. Mama mmoja akaniuliza kama ninaandika majina ya waliokosa kuhudumiwa. Nikaona aibu, lakini nikamaliza kunakili.

Niliendelea hivyo kila ilipoanguka. Zile namba zinasema mashine ilikuwa mahali gani katika kiini ilipokufa. Na kila mara ilikuwa mahali pale pale. Barasa alikuwa na haki. Kitu kibovu hakirudi kwenye jiwe lile lile kila siku kujikwaa.

Mahali penyewe palikuwa ile sehemu ya kiini inayozungumza na skrini za vyumbani. Sikukimbilia kwa Njoroge. Nilitaka kwanza kujua ni kwa nini. Nikajenga kiini kwa kompaila ya zamani, maandishi yale yale, bila kubadilisha herufi. Nikaunganisha skrini zote tulizokuwa nazo karakana, nikawaita wenzangu waketi waandike chochote kwa pamoja, hata nyimbo za kanisa. Haikuanguka. Nikajenga kwa kompaila mpya. Ikaanguka kabla hawajamaliza ubeti. Wakacheka, mimi nikakaa chini. Nikaijenga tena kwa ile ile mpya, lakini nikiiamuru iache njia za mkato. Haikuanguka.

Naandika haya kwa mistari michache, lakini ujue kujenga kiini kwenye mashine zetu kuukuu ni kazi ya asubuhi nzima, na siku hizi stima wanaikata kwa zamu. Nilikuwa ninaanza asubuhi, karibu na kumaliza, taa zinazimika, kazi yote imepotea. Naanza tena. Siku moja ilikatika mara mbili nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira. Sista Agnes aliposikia aliniambia, "Lete hiyo mashine hapa. Tuko na jenereta ya friji ya chanjo. Haitakula sana." Ndiyo nikaibeba mpaka zahanati, nikaiweka kwenye kichumba cha stoo kati ya maboksi ya pamba, nikafanya kazi pale mchana. Mhudumu aliniletea chai bila kuulizwa.

Pale ndipo nilipoipata. Nilichukua zile amri ambazo kompaila mpya ilizitoa, nikazilinganisha na za kompaila ya zamani, mstari kwa mstari, sehemu ile tu. Macho yaliuma. Lakini mwisho niliona.

Ngoja nikueleze kwa jikoni. Chukulia una kopo kwenye rafu, na umeweka chumvi ndani yake ili uifikie haraka. Mgeni anaingia, anahitaji chombo, anamwaga chumvi, anatia majivu, anaondoka bila kukuambia. Wewe unarudi, unajua ni chumvi, unatia kwenye mboga. Hujakosea. Mgeni naye alifikiri kopo halina mwenyewe.

Mashine ina makopo machache kama hayo ya kushikia vitu haraka. Kuna mtu huko ng'ambo, miaka mingi iliyopita, aliyeandika ile sehemu ya skrini. Ili iende mbio, mistari kadhaa aliiandika moja kwa moja kwa amri za mashine, bila kupitia kompaila. Mistari hiyo inatumia kopo moja, na inatakiwa mwandishi aiambie kompaila, "kopo hili nimelitumia." Hakuiambia. Kompaila ya zamani haikuwahi kuweka kitu kwenye kopo hilo mahali hapo, kwa hivyo hakuna aliyeumia kwa miaka yote. Ile mpya, kwa uhodari wake, iliweka humo anwani iliyokuwa inaihitaji baadaye kidogo. Vyumba vingi vikiandika kwa pamoja, ile mistari inaitwa, kopo linabadilishwa, kompaila inarudi kuchukua anwani yake inakuta kitu kingine, inakifuata, na huko hakuna kitu. Mashine inaanguka.

Hakuna aliyeiba. Hakuna hata aliyefanya ubaya. Maandishi yalikosa neno moja.

Niliongeza hilo neno. Kweli, dada, ni neno moja tu kwenye mstari mmoja. Nikajenga upya kwa kompaila mpya, na njia zake zote za mkato, nikaenda kwa Njoroge.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliomba nimwonyeshe ule mstari, akausoma, akausoma tena. Ana elimu yake, alielewa. Kisha akasema kitu ambacho ningekisema mimi kama angekaa kimya. "Tukiweka hiki na memori nyingine, tutajuaje? Rudisha zile za Barasa."

Basi siku ya kliniki ya watoto tulikwenda wote wawili. Njoroge mwenyewe alifungua mashine, akatoa memori za mtaalamu, akaweka zile za Barasa, ambazo baada ya majaribio yangu alikuwa amezifungia tena kwenye droo yake kama ushahidi wa wizi. Tukawasha. Tukaketi mapokezi kwenye benchi pamoja na akina mama. Sikuweza kumtazama mtu. Kila muuguzi alipoinua sauti, nilikuwa nageukia skrini. Foleni ilifika mpaka nje ya lango. Vyumba vyote vinaandika. Njoroge alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Watoto walipimwa, walichomwa chanjo, wakalia, wakanyonya, wakaenda. Benchi likawa tupu. Sista Agnes akatoka chumba cha ndani, akafuta kibodi kwa kitambaa kama anavyofanya akimaliza siku, akasema, "Leo haikukufa."

Njoroge akasema, "Ndiyo, Sista." Halafu akaniambia, "Twende kwa Barasa."

Tulimkuta amerudi kutoka mjengo, anaosha miguu nje kwenye beseni. Njoroge alikuwa hajawahi kufika Mashimoni. Alivuka mitaro na viatu vyake vya ofisi, watu wakimtazama. Barasa hakusimama. Aliendelea kuosha mguu.

"Barasa," Njoroge akasema, "nilikosea. Memori zako ni nzuri. Zinafanya kazi sasa hivi tunapoongea. Nimekuja uniwie radhi na urudi kazini."

Barasa alikausha mguu mmoja, kisha wa pili. "Uliniita mwizi wapi?"

"Kwa karakana."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wafanyakazi. Na Sista."

"Basi hiyo radhi uiweke hapo hapo. Hapa Mashimoni hakuna mtu uliyemwambia mimi ni mwizi."

Nilifikiri Njoroge atakasirika aondoke. Aliangalia viatu vyake, akasema, "Jumatatu asubuhi. Nitamwita Sista pia."

Na alifanya hivyo, Nafula. Jumatatu tulisimama wote mahali pale pale. Sista Agnes alikuja na sare yake ya kazi. Njoroge alisema kwa sauti, bila kuzunguka, kwamba alimwita Barasa mwizi na halikuwa kweli, kwamba mashine iliangushwa na hitilafu ndani ya kiini, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeleta kompaila iliyoiamsha. Barasa alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na koti lake. Alipomaliza, Barasa aliingia, akatundika koti kwenye msumari wake, akauliza, "Ni mashine gani inangoja?" Kazi ikaendelea.

Ule mstari niliutuma kwa barua pepe kwa yule mwandishi wa ng'ambo. Alijibu kwa maneno machache kwamba yeye hana tena mashine ya namna hiyo, lakini ameuingiza kwenye maandishi ya kiini ambayo kila mtu duniani anayachukua, na ameandika jina langu pembeni yake. Wanyonyi hatalijua hilo, lakini wewe ujue.

Sasa dada, nikuombe. Wanyonyi alisema alichosema mbele ya watu, kwenye matanga. Njoroge naye ameyafuta ya kwake mbele ya watu. Nataka na huko yafutwe hivyo hivyo. Siku utakayopata barua hii, tafadhali isome kwa sauti Mama akiwepo na Baba akiwepo. Kisha umpelekee mama mkwe wako, naye asomewe, na Wanyonyi akija aelezwe yeye pia. Sitaki agombezwe. Nataka tu asikie.

Na wewe rudi nyumbani kwako. Barasa hajanituma nikwambie hivyo. Nilipomwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, alisema nisikuombe kurudi, kwa sababu uliondoka kwa miguu yako na utarudi kwa miguu yako ukitaka. Basi mimi ndiye ninayekuomba. Najua ulivyoumia kusikia habari kwa mdomo wa mwingine, na hilo alikosa yeye kwa kunyamaza, na nimemwambia hivyo usoni. Alinyamaza tena, lakini safari hii alikuwa anasikiliza.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya mgongo nitamtumia na mtu wa kanisani anayekuja mwisho wa mwezi. Baba nisalimie pia, na umwambie haya maneno ya mwaka elfu mbili kwamba kompyuta zote zitakufa asiyaogope, tunayashughulikia. Kukhu mshike mkono kwa niaba yangu. Ndugu yetu mdogo mwambie aache kukimbia shule, hisabati anayoikimbia ndiyo ninayokula nayo. Wanao wawili wabusu. Mama mkwe wako mpe heshima zangu zote, mwambie mwanawe ni mzima na amenyoa ndevu.

Naiacha hapa kwa sababu karatasi inaisha na Barasa amefika. Nimemwachia nafasi chini. Amekataa, kisha ameomba kalamu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Nekesa

Nafula. Mambo yalikuwa hivyo alivyosema. Mlango wa jikoni kule kwetu hukwama mvua zikianza. Uuinue kidogo kabla ya kusukuma. Nitautengeneza nikija. Barasa.